Sare ya Meza ya Burundi

Kila Machi watu wa nchi zinazozungumza Kifaransa walikuwa na sherehe yao Dubai, kila nchi na meza yake ya vyakula. Mimi Mtanzania, mzaliwa wa Kigoma, haikunihusu. Lakini mchumba wangu alikuwa Mrundi. Kwao alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Hapa alibeba masanduku ya wageni katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, nami nilifua mashuka humohumo. Meza ya Burundi ilipokosa mpishi, nani mwingine angepika? Maharage na ndizi za Kigoma na za Bujumbura zinatenganishwa na mpaka tu.

Aliniahidi tutaoana kabla ya mwaka kwisha, nikamwamini mzimamzima. Hata Kifaransa nilijifunza kwa siri, kwa dada mmoja Mngazija wa pale dobi, ili siku ya kufika ukweni nisikae kama gogo. Mchumba mwenyewe alidhani najua salamu tu.

Kwa ajili ya sherehe nilinunua kitenge, nikashona gauni langu na shati lake. Kwetu mwanamume na mwanamke wakitokeza na sare, hakuna haja ya kuuliza.

Akaja mama mmoja Msenegali, mwenye shule. Alisifu maharage, wakaongea Kifaransa na mchumba wangu, akamwambia anatafuta mwalimu. Niliinamia sufuria kuficha furaha yangu. Kisha mama akazitazama nguo zetu, akacheka, maana na kwao sare wanaijua.

"Huyu ni mkeo? Nafasi yangu ni ya mtu asiye na familia. Chumba ninachompa mwalimu ni kimoja."

"Hapana, madam," akajibu haraka. "Ni mpishi tuliyemwajiri. Kitambaa ni sare ya meza."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Bwana yule alikimeza kikohozi chake bila hata maji. Niliumia, jamani.

Mama akanigeukia, akaniomba kwa ishara nimwongezee kidogo.

"Bila shaka, madam," nikamjibu kwa Kifaransa. "Na pilipili niweke?"

Mchumba wangu hakuthubutu kunitazama. Alinifuata baadaye, wakati nakusanya vyombo.

"Mpenzi, nisikilize. Nilisema vile kwa ajili yetu sote wawili."

"Nieleze kwa Kifaransa," nikamwambia. "Ndicho ulichonikania."

Aligeukia vyombo. Mwalimu mzima! Akainua sufuria, mimi nikabeba mabakuli, tukasimama nje kungoja teksi. Tulivaa kitambaa kimoja, na yeyote aliyepita alituona mtu na mkewe. Kazi aliipata. Mwezi uliofuata akahamia kwenye chumba chake cha mtu mmoja, nami hata mlango wake sikuwahi kuuona.