Mkate wa Mihogo na Machicha ya Pombe

Mama yangu hakuwahi kugusa pombe, hata kwa kidole. Alikuwa kiongozi wa bamama wa kanisa letu la Kimetodisti hapa Kamina, na kwetu chungu cha pombe hakivuki kizingiti. Nasema hivyo mapema ili mtu asimcheke kabla sijamaliza. Mimi mwenyewe nimemkasirikia miaka mingi, basi inatosha.

Baba alikuwa karani wa gare, stesheni ya treni. Treni ilipokuwa bado inafika, unga wa ngano ulishuka kutoka Lubumbashi, na kila jioni Baba alirudi na mkate kwapani. Kabla ya kuukata aliugonga tumboni kwa kidole kilichokunjwa: "Hodi!" Ukiitika ko-ko-ko, ganda limeiva. Ukinyamaza, alimlaani mwokaji mpaka chai ikapoa.

Halafu vita vikaja. Reli ikakatika, gare ikajaa wakimbizi, ngano ikapotea kabisa. Na Baba akashikwa na tumbo. Hospitalini kulikuwa na vitanda tu, dawa hakuna, tukamrudisha nyumbani. Bukari, ugali wetu, aliisukuma kwa mkono. "Munipe mukate," alisema, "ile ya kulia mu meno. Ile nitakula." Shati lake sasa lingeweza kuvaliwa na watu wawili. Sote tulijua: asipokula, anatuacha.

Mama akaamua kwamba mkate utapikwa, ngano iwepo isiwepo. Alichekecha unga wa mihogo, akachanganya na wa mahindi. Mihogo peke yake haishikani, kwa hiyo sehemu moja aliisonga kwanza kwa maji ya moto, laini kama bukari ya mgonjwa, halafu akaikanda pamoja na unga mwingine. Iliyokosekana ni levire, hamira ya kuumua, na dukani haikuwepo tena. Lakini jirani yetu, mama Mkatoliki, alikuwa anapika pombe ya mahindi, na machicha yake yalitoa povu yenyewe, bila moto.

Hapo njo Mama alipogombana na dhamiri yake. Mwisho akapata njia: mimi nilete machicha, yeye atayachemsha mpaka pombe yote ipande na mvuke, yabaki safi. Jirani alipomkuta akiyachemsha alishika kiuno.

"Eh Vidye Mungu! Ninyi Bametodiste, Mungu yenu anaogopa povu?"

"Weye nipe machicha," Mama akajibu, "mambo ya Mungu uniachie."

Mkate ukatoka jiwe. Baba akaugonga, ukanyamaza. Akajaribu kuuma, kisha akauweka pembeni bila kumlaani mtu, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mama akasema alichemsha kidogo mno. Safari iliyofuata akachemsha zaidi. Jiwe. Akafunga, akaomba, akachemsha tena. Jiwe. Wiki zikapita hivyo, na Baba anazidi kupungua.

Siku moja askari walipita mtaani, wakabeba makala ya kila nyumba, washenzi wale. Kwetu yalibaki yale Mama aliyokuwa ameficha chini ya kitanda. Yalitosha kuoka tu, si kuchemsha. Mama alisimama mbele ya machicha muda mrefu. Halafu akafumba macho, akayamimina mabichi ndani ya unga, huku akiomba msamaha kwa sauti ya chini.

Saa sita mchana unga ulikuwa umepanda mpaka unasukuma kitambaa. Mama akautazama, akakaa chini kwenye sakafu. Ni moto uliokuwa unaiua levire. Tuliuoka ndani ya sufuria nzito, makala chini na makala juu ya kifuniko, tukaunyunyizia maji ili ganda likauke vizuri. Ulitoka wa kahawia, umepasuka katikati, na ulikuwa unalialia wenyewe ukipoa.

Mama akaupeleka chumbani ungali moto. Baba akakunja kidole, akagonga. Ko-ko-ko.

"Sasa huu njo mukate," akasema, na akacheka.

Akauma pembe ya ganda, tukalisikia likivunjika. Akatafuna, akatafuna. Koo likakataa. Mama akamtolea kwa kidole kama mtoto mchanga, akamlowekea katika chai. Chai nayo ikarudi. Ugonjwa ulipoanza, koo lile lilikuwa zima. Alikufa kesho yake, mkate ukiwa juu ya meza.

Kwenye kilio bamama wa kanisa waliula kwa chai, wakausifu, wakauliza levire ilitoka wapi. "Ni machicha ya pombe," Mama akasema mbele ya mchungaji, kwa sauti. Akakusanya vikombe, akaingia jikoni.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anasugua ile sufuria ya kuchemshia machicha, anasugua tu, na majivu yamemfika viwikoni.

"Mama, acha. Iko safi."

"Nilifikiri nachemusha pombe," akasema. "Kumbe nilikuwa nachemusha siku za baba yako."