Kadi Mpya ya Tanuri

Raudha ni fundi umeme wa kiwanda chetu cha kubangua korosho hapa Nachingwea. Mimi, Amosi, naendesha boila. Wazazi wangu walihamia kijiji cha Chunyu na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, kwa hiyo shamba lolote la mbaazi likiliwa na mifugo, Raudha ananiuliza mimi kwa utani. Nikijitetea anacheka mpaka anashika nguzo.

Mwaka huu hakucheka. Mdogo wake, Safina, alifariki masika, na haukupita muda Raudha akajifungua mtoto wa kike. Mama yao, Bi Mwanaima, alitaka mtoto arithi jina la marehemu, kama ilivyo desturi kwao na hata kwetu. Raudha akakataa. Aliniambia hawezi kulitamka jina lile huku anabadilisha nepi, atashinda analia. Bi Mwanaima hakugombana naye. Alimbeba mjukuu, alimwogesha, ila hakumwita kwa jina lolote, na hilo lilimuumiza Raudha kuliko matusi. Mtoto akawa anaitwa "mtoto" tu.

Halafu radi ikapiga, tanuri la kukaushia korosho likazima. Tanuri lenyewe lilikuwa zima. Kilichoungua ni kadi ya mawasiliano, kidude kidogo kama kipande cha sabuni, kinacholiunganisha tanuri na waya unaopita kwenye mashine zote hadi kwenye kidhibiti kikuu. Kidhibiti ndicho kinachoamuru joto lipande au lishuke. Bila kadi, amri haifiki. Korosho zilikuwa zinasubiri, bosi akamwomba Raudha akatishe likizo ya uzazi kwa asubuhi moja. Alikuja na mama yake, mtoto mgongoni kwa bibi, kwa sababu bado ananyonya.

Raudha alifungua kabati la umeme, akachomoa kadi iliyoungua, akachomeka mpya. Taa nyekundu ikawaka, ikabaki hivyo hivyo.

"Na hii mbovu?" nikauliza.

"Nzima. Haijapewa namba."

Akatoa bisibisi ndogo. Bi Mwanaima akasogea.

"Namba ya nini, mwanangu?"

"Kila mashine ina namba yake, mama. Kidhibiti kinaziita moja moja kutwa nzima, na inayoitwa inajibu. Tanuri ni saba. Kadi ya zamani imekufa, lakini kidhibiti hakijaacha kuita. Hata sasa hivi kinaita saba."

"Kinaita, na hakuna anayejibu?"

"Hakuna. Mpaka hii mpya ichukue namba ileile."

Raudha akaishusha bisibisi. Mama yake akaiweka sawa kanga aliyombebea mtoto. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini pale nilitazama viatu vyangu. Niliwaonea huruma wote wawili.

Raudha akazungusha swichi ndogo ya namba iliyo kwenye kadi mpaka saba. Taa ikageuka kijani, na feni za tanuri zikaanza kuvuma. Siku nyingine ningepiga makofi. Yeye alibaki ametupa mgongo, bisibisi mkononi.

"Mama," akasema, "Safina huwa unamwita?"

"Kila nikiamka nnamwita. Kimoyomoyo, nisikuumize."

"Mwite kwa sauti."

Bi Mwanaima alifungua kanga, akamshusha mtoto, akampakata. Akamwinamia usoni.

"Safina."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Raudha akageuka, machozi yanamtiririka, akaja kuchuchumaa mbele ya mama yake. Akamjibia mwanawe, kama tunavyowajibia watoto wote ambao hawajajua kusema.

"Abee, bibi."