Rimoti ya Ukweni

Sabufa ile niliinunua kwa majivuno, na ni bora niseme mapema. Wakwe wengine hupeleka ukweni vitenge na sukari. Mimi nilipanda milima ya Uluguru na boksi la besi na spika zake nyuma ya bodaboda, kijiji kizima kikinitazama. Mama mkwe alipiga vigelegele mwenyewe. Nikateremka siku ile nikijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kabla ya kuondoka nilitoa masharti kama fundi: plagi isiguswe kwa mkono wenye maji, waya usivutwe, sabufa isihamishwe. Nyumba ya mama ina soketi moja tu, nayo iko chumbani kwake. Mke wangu ndiye aliyeingia kuifunga, mimi nikielekeza kutoka sebuleni, kwa sababu mkwe wa kiume hakanyagi chumba cha mama mkwe. Hilo halijadiliwi.

Baadaye rimoti ikaingia maji, ikafa. Maji yaliifikiaje chumbani, sikujiuliza. Vitufe vya kwenye boksi vilikuwa vya mapambo, na bila rimoti sabufa ilifanya ilivyotaka. Kila umeme ulipokatika na kurudi, ilijiwasha kwa sauti ya mwisho, na mwanamke aliyemo ndani yake akatangaza kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kuunganishwa na simu. Simu ya mama ni ya vitufe. Alichotaka yeye ni mawaidha ya asubuhi ya redioni, kwa sauti ya kiasi.

Wakati huo mke wangu alikuwa amejifungua, na mama yake alikuwa hajashuka kwetu Kihonda kumwangalia mzazi kama inavyotakiwa. Kila tukipiga simu alijibu kwamba atakuja mvua zikipungua. Mke wangu alilia. Mimi, badala ya kumtuliza, nikatonesha kidonda. "Mvua gani hiyo ya kumzuia bibi asimwone mjukuu?" Siku mama alipopiga simu kuulizia habari ya sabufa, nikaongeza kwamba redio anaikumbuka, mtoto hamkumbuki.

Nikanunua mjini rimoti ya kila kifaa. Ilikuja na karatasi ya namba za kampuni kubwakubwa zote, isipokuwa ya sabufa yetu, ambayo sina hakika hata kama ni kampuni. Ikabaki njia ya kutafuta: unaielekeza rimoti kwenye kifaa, unabonyeza kitufe cha kuzimia, kila ukibonyeza inajaribu namba nyingine. Kifaa kikizima, unaacha hapohapo na kuihifadhi namba. Ukipitiliza, unaanza upya.

Nilifika kwa mama manyunyu yakianguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzazi hajambo?"

Nikasema hajambo. Akauliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama analia sana, anafanana na nani. Aliuliza akitazama chini, akiyafikicha mapindo ya kanga yake, na maswali hayakwisha mpaka nikamkatiza. "Mama, tuanze na sabufa."

Mwanga wa rimoti haupenyi pazia, lazima uonane na kifaa. Basi mama akaingia chumbani kuangalia taa ya sabufa, nami nikabaki sebuleni, mgongo mlangoni, uso ukutani kwenye kalenda ya mwaka uliopita, mkono nimeupitisha nyuma ya pazia kama mwizi wa mboga. Nilimwambia nikibonyeza na taa ikizima, aseme hapohapo.

"Sawa, baba."

Nikabonyeza. "Bado," akasema. Nikabonyeza tena. "Bado." Kutoka ndani nikasikia kitu kikilia ti, kikatulia, kikalia tena ti. Nikachangamka. Nilidhani ni sabufa inaitikia.

"Unasikia? Inakaribia kukubali," nikamwambia. Nikaendelea kubonyeza huku nikimfafanulia mambo ya mwanga usioonekana kwa macho, jambo ambalo hakuwa ameniuliza. Namba zikaisha zote. Nikaanza upya, zikaisha tena, na kidole gumba kikafa ganzi.

"Mama, haijazima hata mara moja?"

"Ilizima."

"Lini?"

"Kule mwanzo. Ulikuwa unaeleza jambo, baba, nikaona haya kukukatiza."

"Na mara ya pili?"

"Iliwaka tena. Ulikuwa unapiga chafya."

Hapo hasira zikanipanda. Nikasema kwa sauti ambayo hata mke wangu simtolei. "Si useme basi, mama! Unanipotezea siku nzima."

Ile ti ikalia, ikalia tena. Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa nimemkaripia mama mkwe, ndani ya nyumba yake, kwa kosa la kuniheshimu.

Pazia likainuliwa. "Ingia ufanye mwenyewe, baba," akasema taratibu. Akapita kando yangu, kichwa chini, akaenda kusimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, uso kwenye kalenda, mgongo kwangu. Nikaingia chumba ambacho sikupaswa kukiona.

Paa lilikuwa linavuja. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba, chini kabisa ya tundu, godoro limekunjwa upande mmoja, na juu ya chaga kuna beseni na sufuria mbili. Maji yalidondoka kwenye sufuria. Ti. Kwenye kona kavu, karibu na soketi, ilikaa sabufa yangu, imefunikwa nailoni, na juu ya nailoni kanga mpya kabisa, mbele tu pameachwa wazi kwenye taa. Sakafuni, kuizunguka, palikuwa na vishimo vinne vya miguu ya kitanda.

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilikuwa nimesema isihamishwe. Mwanamke huyu aliiachia kona kavu, akahamisha kitanda. Na asingeweza kushuka Kihonda, maana nani angemwaga maji ya beseni?

Kwa kukosa la kufanya nikaelekeza rimoti. Nilibonyeza, nikabonyeza, taa ikazima. Nikahifadhi namba, nikaiwasha, nikashusha sauti mpaka ikawa ya kiasi alichotaka. Kisha nikaizima tena, nikatoka bila kumtazama.

"Ahsante sana, baba," akasema akiwa bado ameelekea ukutani. "Umenisaidia kweli." Halafu akaongeza, "Ya humo ndani usimwambie mwenzio. Ananyonyesha, ataingiwa na mawazo."

Nikaitikia. Akanipa mkungu wa ndizi na iliki kidogo za uji wa mzazi, nikateremka nazo huku nimelowa.

Nyumbani mke wangu alikuwa amempakata mtoto. Akauliza kama rimoti imekubali. Nikasema imekubali. Akauliza mama atakuja lini. Nikasema mvua zikipungua.

Akaguna. "Mvua gani hiyo ya kumzuia bibi asimwone mjukuu?"

Yalikuwa maneno yangu, hakuna hata moja lililopungua. Nikaketi chini, kwenye mkeka, na nguo zangu mbichi. Nikamwambia kitanda cha mama yake kiko wapi, na ni kitu gani kimekaa mahali pake.