Namba za Mama Ubao

Kila Jumatatu baada ya mbio za magari, Mama Ubao huziosha namba zake. Huziosha kwenye beseni, kwa sabuni ya unga na mswaki uliochakaa, halafu huzianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, katikati ya mashuka na soksi za mumewe. Namba za plastiki za njano, kila moja kubwa kama sahani, zinaning'inia pale zikicheza na upepo. Jirani mgeni akichungulia, anadhani humo ndani kuna mwalimu wa hesabu aliyerukwa na akili.

"Mke wangu," mumewe humwambia, maana mzee huyo mwoka mikate mstaafu hana kazi nyingine siku hizi ila utani, "hiyo nane umeianika kichwa chini."

"Nane haina kichwa, baba. Nenda kapumzike."

Kazi yake ni hiyo, msicheke. Siku ya mbio husimama kwenye ukuta mfupi pembeni mwa barabara ya magari, ameshika ubao mweusi wenye ndoano, na gari la timu yake likipita humwonyesha dereva namba mbili: juu, sekunde ngapi zinamtenga na anayemfuata, chini, mizunguko mingapi imebaki. Timu nyingine zina redio ndani ya kofia. Dereva wa Mama Ubao hataki redio. Anasema sauti ya mtu ikimwingia sikioni anasahau yuko wapi. Basi miaka kumi na moja sasa, yeye na Mama Ubao wanaongea kwa namba.

Gari likishapita, kuna dakika moja na nusu ya kusubiri. Jamani, dakika hiyo! Mlio unakwenda mbali, unakuwa mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa chumba cha pili, halafu unapotea kabisa. Lami inatoa mvuke na mvuke unacheza machoni. Mama Ubao huona mahali pasipokuwepo pale: mara yuko jikoni kwa marehemu mama yake, mara anatembea kwenye maji yasiyomlowesha. Mikono inatafuta namba yenyewe kwenye sanduku, bila yeye. Kisha nyuki anarudi, na yeye anarudi naye.

Dereva naye ni mtu wa namna hiyo hiyo. Aliwahi kumwambia kwamba kwenye kona ya tatu, akiwa peke yake mbele, huwa anaona pazia jeupe la chumba alichozaliwa, na akiliona tu mguu unakuwa mwepesi na gari linapunguza mwendo. Kijana mzuri, mpole, mikono ya dhahabu, lakini leo yuko juu na kesho hayupo. Karakana nzima walimwita Pengine. Atashinda? Pengine.

Sasa sikilizeni chanzo cha jina hilo, maana Mama Ubao alikaa nacho kifuani miaka mitatu.

Siku moja ya mbio alikuwa kwenye maji yake yasiyolowesha. Nyuki akarudi ghafla, akashtuka, akapandisha namba iliyokuwa mkononi. Pengo lilikuwa sekunde saba. Yeye alitundika moja. Gari likapita vuu! Akatazama ubao, akaona kosa lake. Alitaka kurekebisha mzunguko uliofuata, lakini gari lilirudi mapema mno. Kijana alikuwa anaendesha kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi usingizini. Mkono wa Mama Ubao ukasita, na ile moja ikabaki pale pale mpaka bendera ya mwisho. Wakashinda. Bosi alikumbatia watu wote, hata mlinzi wa geti.

Hakuna aliyejua. Wenzake wanauona mgongo wa ubao tu, na macho yao yako kwenye skrini.

Mbio zilizofuata alisema kweli, na Pengine akawa wa tisa. Zilizofuata tena akadanganya, akashinda. Loo, hapo roho ikaanza kumsuta. Mwanamke aliyelelewa kutosema uongo hata wa kumfukuza mgeni, leo anamdanganya mtoto wa watu kwenye mwendo ule! Akajiwekea utaratibu wake: mbio moja ya uongo, kwa ajili ya kijana, mbio moja ya kweli, kwa ajili ya roho yake. Aliona ametenda haki pande zote mbili. Na hivyo ndivyo dereva mmoja alivyopata sifa ya kupanda na kushuka, magazeti yakaandika, wataalamu wakatia chumvi, na mama wa watu anaanika namba zake kimya.

Mkataba wa Pengine ulipokaribia kwisha, bosi alimwita Mama Ubao ofisini, chumba kidogo juu ya karakana, chenye harufu ya mpira na kahawa iliyopoa. Pengine alikuwa amekaa dirishani, anatazama nje. Karatasi ziko mezani. Bosi, mtu mnene mwenye tabia ya kutafuna kalamu, alikuwa ameshaimaliza moja.

"Kaa, Mama. Mimi nimechoka, nasema ukweli mbele yake. Huyu akiamka vizuri hakuna wa kumgusa. Akiamka vibaya hata bibi yangu na baiskeli anampita. Mkataba wa miaka miwili huu hapa, mkono wangu ndio unakataa. Kuna dereva mwingine anasubiri simu yangu kabla ya saa kumi. Wewe ndiye unayemwona kila mzunguko. Niambie, ana tatizo gani?"

Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama halina pa kwenda. Mama Ubao alilitazama. Angeweza kusema "sijui, bosi" akashuka ngazi zake. Dereva mpya angekuja na redio yake, ubao ungewekwa stoo, naye angebaki nyumbani kubishana na mzee juu ya kichwa cha nane. Siri ingekwenda naye kaburini. Lakini kijana wa watu angetoka pale na jina la Pengine mgongoni mpaka uzeeni, na jina lenyewe kampa yeye.

"Hana tatizo," alisema. "Tatizo ni mimi."

Akalipasua jipu lote: ile saba iliyokuwa moja, mbio za uongo na mbio za kweli, miaka mitatu. Alimaliza mikono imeshikana mapajani, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Bosi alitoa kalamu mdomoni. "Unaniambia umemdanganya dereva wangu? Kwenye mwendo ule? Mama, ningekufukuza sasa hivi kama ningekuwa na pumzi!"

Pale dirishani Pengine akaanza kucheka. Alicheka taratibu, bila kugeuka.

"Hakunidanganya," alisema. "Bosi, gari lina vioo. Siku ile ya kwanza ubao uliniambia sekunde moja, nikatazama kioo, barabara nyeupe, hakuna hata nzi. Mwanzo nikadhani kakosea. Mzunguko wa pili, moja tena. Hapo nikaelewa. Nikasema, Mama anataka nishinde, mpaka kaamua kusema uongo. Nani tena amewahi kunifanyia hivyo? Pazia likafutika, nikakanyaga."

"Sasa siku nyingine je?" bosi aliuliza. "Ukiwa wa tisa?"

Kucheka kote kulimwisha Pengine usoni.

"Siku nyingine aliweka namba za kweli," alisema. "Nikatazama kioo, nikatazama ubao, vinalingana. Nikajua leo kanichoka."

Miaka mitatu! Mbio zote zile alizosimama pale Mama Ubao ameridhika na nafsi yake, moyo mweupe, kijana alipita mbele yake akidhani ametupwa. Machozi yakamtoka. Bosi mwenyewe aligeuka akajifanya anatafuta kalamu nyingine.

"Sijakuchoka hata siku moja, mwanangu," Mama Ubao alisema hatimaye. "Hata siku moja."

Bosi alitia sahihi saa tisa na nusu. Aliongeza kwa mkono wake mstari mmoja chini ya karatasi: ubao utasema kweli tupu. Akamwelekezea Mama Ubao kidole. "Nikikuta moja pasipo na moja, wewe na sanduku lako mnakwenda nyumbani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Kwenye ngazi, akamshika Pengine mkono. "Na sasa utajuaje? Nikiwa nasema kweli kila siku, utajuaje kama sijakuchoka?"

Kijana alifikiri. "Sijui, Mama," alisema, na haikuwa utani.

Wiki tatu swali hilo lilimzunguka Mama Ubao kichwani. Alilala nalo, akaamka nalo, akaziosha namba mara mbili bila sababu.

Siku ya mbio za kwanza za mkataba mpya, alisimama pale pale ukutani. Nyuki akaenda mbali, akawa mwembamba, akapotea. Safari hii Mama Ubao hakwenda jikoni kwa mama yake. Alitundika sekunde sita, na kweli zilikuwa sita. Gari lilipojitokeza, aliuachia ubao mkono mmoja, ubao mzito ule unaotaka mikono miwili, akauinua mkono wa pili juu kabisa, akapunga.

Kofia iligeuka kidogo. Kidole kimoja kikanyanyuka kwenye usukani.

Alimaliza wa pili. Mbio zilizofuata wa pili tena, halafu wa kwanza, halafu wa tatu. Bosi alianza kuziacha kalamu zake nzima.

Jumatatu ile baada ya mbio za kwanza, mumewe alimkuta beseni liko mbele yake, namba hazijaoshwa, mkono wa kushoto hauinuki.

"Umefanya nini tena?"

"Nilikuwa nampungia."

"Mara moja ndiyo imekufanya hivyo?"

"Kila mzunguko."

"Mizunguko mingapi?"

"Hamsini na miwili."

Mzee akataka kutania, akamtazama usoni, akaacha. Alivuta kigoda, akakunja mikono ya shati, akachukua mswaki na kuanza kuosha ile moja.