Baba Katika Kisiwa Kisicho na Magari

Kabeji iliyonyeshewa ina harufu ya baba yangu. Kwa miaka mingi aliendesha lori la mboga kutoka Werugha hadi Voi, akirudi jioni na vipande vya majani vimemganda kwenye viatu. Nilimsikia kabla sijamwona, lori likinguruma kwenye kona ya mwisho ndani ya ukungu. Asubuhi moja, kwenye kona hiyo hiyo, alimgonga na kumuua Mwakio, mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shule. Tulikuwa darasa moja, la tatu. Korti ilisema ni ajali. Mwezi haukuisha baba akaondoka, na baadaye tukasikia yuko kwenye kisiwa kidogo, Pwani ya kusini, mahali pasipo na gari hata moja, anashona nyavu za watu.

Likizo ya Agosti mama akanichukua tumfuate. Nyanya yake Mwakio, aliyemlea yule mtoto, alikuwa mgonjwa sana, na alikuwa amekubali kutasa: achukue maji ya muwa mdomoni, ayapulize chini, kisha aseme mbele ya baba kwamba moyo wake hauna hasira naye tena. Kwetu Taita, hilo ndilo humfungua mtu. Lakini ni lazima aliyekosa awepo, na hakuna mwingine anayeweza kumsemea mwenye uchungu. Nyanya hakuwa na siku nyingi.

Tulilala Likoni kwa shangazi, na asubuhi tukafika penye boti. Mama alikuwa na kabeji mbili kwenye gunia. Mwenye boti akamcheka.

"Mama, samaki wetu hawali mboga."

"Ndio maana wananuka," mama akamjibu, na abiria wote wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo sikumbuki kumsikia mama akimtania mtu.

Kisiwa kilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Kulikuwa na vijia vya mawe ya matumbawe, mbuzi, na kuta zilizopakwa chokaa; mtu akikohoa nyumba ya tatu, unamsikia. Baba alipanga chumba upande wa pili, mbali na gati, ili hata injini za boti zisimfikie. Alikuwa amekonda. Aliniwekea mkono kichwani muda mrefu bila kuniangalia.

"Baba Wakesho, nyanya amekubali," mama akasema. "Anakungoja wewe tu."

"Na njia?"

"Njia gani?"

"Ya kwenda kwake, Mama Wakesho. Si ni ile ile?"

"Kwenye barabara kubwa nitakushika mkono. Milimani tutapanda kwa miguu, hata tukichukua siku nzima."

Niliiona midomo ya baba ikisogea, kama mtu anayepita kona moja baada ya nyingine. Nusura akubali, hadi leo naamini hivyo. Mama, kwa kutaka kumvuta kabisa, akafungua gunia. "Ona, za shamba lako." Harufu ikajaa chumba. Baba akainuka, akatoka nje, na hakurudi hadi saa ya boti ilipofika. Kabeji tuliziacha mlangoni. Wiki tatu baadaye nyanya akazikwa, na hasira yake kifuani.

Sasa ninaishi Voi, kando ya barabara kuu, ambako malori hayanyamazi. Mama aliacha kupanda kabeji; kipande kile cha shamba kina nyasi za ng'ombe. Mwaka jana nilirudi kisiwani peke yangu. Nilipokanyaga tu gati nikasikia pikipiki ikiwashwa, na nikakimbia mbele yake hadi upande wa pili. Baba alikuwa amekaa chumbani, madirisha amefunga, pamba masikioni. Alinitambua. Akatoa pamba upande mmoja, akaniuliza taratibu, kama mgeni anayeuliza njia:

"Wakesho, wewe umesoma. Unakijua kisiwa kingine?"

Nilimwambia sikijui. Akairudisha pamba sikioni.