Noti Zilizokatwa Sikio

Ko, ko, ko: kengele ya mti shingoni mwa ng'ombe ikipotelea upande wa mnada. Ndiyo sauti aliyobaki nayo Mzee Huka mwaka ule wa 1998, alipouza ng'ombe wake wa mwisho. Wengine walikwenda na mafuriko, na waliobaki wakachukuliwa na ugonjwa uliofuata.

Alitaka fedha zile zikae mpaka nyasi zirudi, anunue mtamba, aanze upya. Lakini nyumbani hakuweza kuziweka. Maji yalikuwa yamebeba nyumba pamoja na kibuyu alichofichia akiba ya kwanza. Basi akaja Garsen, kwenye ofisi ya akiba, akazipitisha dirishani kwa karani, Mbeyu, binti wa Kigiriama.

Mbeyu alizihesabu, akasimama. Kila noti ilikuwa na pengo dogo pembeni. Akauliza kama ni panya waliozitafuna.

"Ni kisu changu," Huka alisema. "Ndiyo alama ya ukoo wetu. Ng'ombe wetu wote tunawakata sikio hivyo."

Mtu kwenye foleni akasema mzee aangalie, noti zake zisije zikaingia, kama ng'ombe, shamba la wakulima wa kijiji cha Wema. Watu wakacheka. Huka hakucheka. Aliuliza bila alama atazijuaje siku ya kuzichukua. Mbeyu akamwambia ukweli: hatazipata hizi, atapewa nyingine. Mzee akanyoosha mkono azirudishe kibindoni.

Mbeyu hakuziachia.

"Baba, ukimwachia rafiki yako wa Hola ng'ombe akutunzie, na ng'ombe huyo akafa kwa uzee, unadai nini?"

"Ndama wake."

"Na ndama hana sura ya mama yake."

Huka akasema huyo rafiki lazima awe mtu anayemjua. Mbeyu akamtajia jina lake, la baba yake, na kijiji chao. Mzee akashusha mkono.

Mkubwa wa ofisi alizikagua noti, akaona nambari zote ni nzima, akakubali. Huka akatia kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Akapewa kitabu chenye jina lake na kiasi. Alikiangalia mstari kwa mstari, ingawa hakujua kusoma, akainama karibu na dirisha.

"Mwanangu," alisema polepole, kwa sauti ya chini sana, "yule ng'ombe wangu wa mwisho alikuwa mweupe. Hapo hakuna nafasi ya kuandika?"