Unono wa Kathini

Kathini, fundi wa nguo pale sokoni Zombe, alichukia kuambiwa amenona. Mwaka uliotangulia lupus, ugonjwa unaoufanya mwili kujipiga wenyewe, ilimkondesha akabaki mifupa, vidole vikiuma hata sindano ikamshinda. Vidonge vya kliniki vikamwinua. Ndipo Mutindi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akamsimamisha mbele ya watu.

"Muone vile Mungu amemponya! Dada, hizo dawa wachana nazo. Unameza za nini na umepona?"

Watu wakapiga makofi. Kathini akaona aibu kubisha, akaziacha.

Haikupita miezi mingi, uso ukajaa, macho yakabaki membamba. "Umenona!" wakamwambia sokoni, wakimbinya mashavu kama mbuzi wa mnada. Kila akiguswa aliusukuma mkono. Jioni soksi zilimwachia mfereji miguuni, na akibonyeza kidole, shimo lilibaki pale pale. Mkojo wake hakuuona, maana choo cha shimo hakionyeshi kitu. Hadi siku alipokojoa bafuni, kwenye simiti, povu likatanda zito, likakataa kupasuka. Alilitazama akatema mate. Huo haukuwa unono; akarudi kliniki.

Huko Kitui vipimo vilionyesha figo zake zinavujisha protini, ndiyo lile povu, na maji yanabaki mwilini, ndio ule uvimbe. Aliketi na Wariara, mgonjwa mwenzake wa lupus, mwembamba, miguu mikavu kabisa. Kathini alimwonea wivu. Kumbe Wariara naye figo zilikuwa zimeumia, tena zaidi. Hakuvimba, hakuona povu, ni vipimo vya mkojo na presha tu vilivyomkamata.

"Kila mtu lupus humwingia figo kivyake," daktari alimwambia Kathini. "Wewe uliacha dawa. Ukiziacha tena, ni mashine ya kusafisha damu."

Jumapili Mutindi akamwita tena mbele. "Dada yetu vile amenona! Toa ushuhuda." Watu wakaimba na kupiga makofi.

Kathini alivua soksi, akamshika Mutindi kidole na kukididimiza kwenye muundi wake. Shimo likabaki. Mutindi aliuvuta mkono, akaupangusa kwenye sketi.

"Usipanguse. Hayo ndiyo mliyonipigia makofi," Kathini alisema. "Ni maji. Figo zangu zinaharibika na nyinyi mnaimba. Mnanichukiza."

Akatoa vidonge mkobani, akachukua glasi ya maji ya mchungaji pale mimbarini, akameza kimoja kimoja, kanisa zima likimtazama.

"Haya. Sasa pigeni makofi."